Simu ya Milly Dowler ilidukuliwa 2002, na mpaka 2025 watu walikuwa bado wanalipwa wanyamaze

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha.

Juzi mwenzangu wa chumba cha habari, mtu ninayemheshimu, kaniambia kwamba lile sakata la udukuzi wa simu kule Uingereza lilikuwa mambo ya mastaa. Gazeti lilifungwa, watu wakaenda jela, Murdoch, tajiri mwenye gazeti, akaomba radhi, basi, yamekwisha. Nikamwuliza kama anamjua Milly Dowler. Hamjui. Sikulala vizuri siku hiyo. Kama mwandishi wa habari mwenye miaka kumi na kitu kazini hamjui yule mtoto, basi ile kazi ya kufunika kombe imefanyika sawasawa.

Milly alikuwa na miaka 13. Tarehe 21 Machi 2002 alikuwa anatoka shule kurudi nyumbani, Walton-on-Thames, Surrey, akapotea. Mwili wake ulikuja kupatikana Septemba. Kati ya miezi hiyo, wazazi wakiipiga simu yake bila kukata tamaa, kulikuwa na watu wengine wanaoingia kwenye simu hiyo hiyo: watu wa News of the World, gazeti la udaku la kila Jumapili, mali ya kampuni ya Rupert Murdoch. Walisikiliza ujumbe wa sauti aliokuwa akiachiwa mtoto ambaye alishauawa. Aprili 2002 wakachapa habari yenye maneno waliyoyasikia humo.

Panaponichoma zaidi ni hapa. Polisi wa Surrey walijua. Gazeti lenyewe liliwaambia mwezi huo huo wa Aprili kwamba lina ujumbe uliotoka kwenye simu ya Milly. Hakuna jalada lililofunguliwa, hakuna mwandishi aliyeitwa kuhojiwa. Wazazi walikuja kuambiwa 2011, miaka 9 baadaye. Mwaka 2013 tume inayosimamia malalamiko dhidi ya polisi ikasema maofisa wa Surrey walipatwa na usahaulifu wa pamoja. Polisi kikosi kizima wanasahau kwamba gazeti limevamia simu ya mtoto aliyepotea!

Mama yake, Sally, alieleza mwezi Novemba 2011 mbele ya Jaji Leveson, aliyepewa na serikali kazi ya kuchunguza mwenendo wa magazeti, jinsi alivyopiga simu siku moja akakuta kisanduku cha ujumbe kilichokuwa kimejaa sasa kina nafasi tena, akamwambia mumewe kwa sauti kwamba binti yao yuko hai. Niseme na hili, maana siwezi kukasirikia uongo halafu nami nikaacha ukweli nusu: gazeti la The Guardian mwanzoni liliandika kwamba waandishi ndio waliofuta ujumbe ule, lakini Desemba 2011 polisi wakasema kuna uwezekano mkubwa ulijifuta wenyewe kwa utaratibu wa mtandao wa simu, na gazeti likasahihisha. Kudukuliwa kwa simu kulibaki palepale. Kampuni ilikubali, ikailipa familia pauni milioni 2, na Murdoch akatoa pauni milioni 1 nyingine kwa mashirika ya hisani.

Kwa mliokuwa wadogo wakati ule, udukuzi huu haukuhitaji mtaalamu wa kompyuta. Kila laini ya simu ilikuwa na kisanduku cha sauti, na kisanduku kilikuja na namba ya siri ya kiwandani ambayo watu wengi hawakuwahi kuibadili. Mmoja anakupigia ili laini iwe bize, mwingine anapiga papo hapo, anaangukia kwenye kisanduku, anaingiza namba, anasikiliza. Ukiwa umebadili namba, mtu anapiga kwenye kampuni ya simu akijifanya mfanyakazi mwenzao na kuomba irudishwe ile ya mwanzo. Mpelelezi binafsi aliyefanya kazi hii, Glenn Mulcaire, alikuwa akilipwa na gazeti zaidi ya pauni 100,000 kwa mwaka. Niambieni, wakuu, mliowahi kufanya kazi gazetini: ni gazeti gani linalipa mtu fedha hizo kila mwaka na mhariri asiulize anafanya kazi gani?

Agosti 2006 Mulcaire akakamatwa pamoja na Clive Goodman, mwandishi wa habari za familia ya kifalme, baada ya watu wa ikulu kushangaa habari za goti la Prince William zimefikaje gazetini. Januari 2007 wakafungwa, Goodman miezi 4, Mulcaire miezi 6. Kampuni ikasema ni mwandishi mmoja tu aliyepotoka. Hiyo ndiyo hadithi waliyoishikilia miaka na miaka.

Sasa fikirini pamoja nami. Goodman alikuwa anaandika habari za wafalme. Lakini kati ya makosa aliyokiri Mulcaire mahakamani walikuwamo Gordon Taylor, kiongozi wa chama cha wachezaji wa mpira, mwanamitindo Elle Macpherson, na mbunge Simon Hughes. Mwandishi wa habari za ikulu ana shida gani na mkuu wa chama cha wanasoka? Swali hilo lilikuwa mezani tangu siku ya hukumu. Polisi wa London waliliona. Nyumbani kwa Mulcaire walichukua karatasi zipatazo 11,000 zenye majina, namba za simu na namba za siri za watu. Wakazitia kwenye mifuko wakaziweka stoo. Baadaye zilipokuja kusomwa kwa makini yalihesabiwa majina yanayokaribia 4,000. Wabunge, wanajeshi, ndugu wa watu waliokufa kwa mabomu ya London ya Julai 2005. Watu hao waliishi miaka mingine 4 na zaidi bila kuambiwa kwamba majina yao yamo ndani ya mifuko ya polisi.

Na Goodman alipotoka jela? Alilipwa. Jumla yake zaidi ya pauni 240,000, mtu aliyefukuzwa kwa kosa la jinai alilolikiri mwenyewe! Machi 2007 alikuwa ameiandikia kampuni barua akidai kwamba udukuzi ulikuwa ukizungumzwa wazi kwenye vikao vya kila siku vya wahariri mpaka mhariri alipokataza usitajwe. Barua hiyo umma uliiona Agosti 2011. Gordon Taylor naye alishitaki, mawakili wake wakapata baruapepe ya 2005 yenye ujumbe 35 ulionakiliwa kutoka kwenye simu, imeandikwa kwamba ni kwa ajili ya Neville, na gazeti lilikuwa na mwandishi wake mkuu aitwaye Neville Thurlbeck. Mwaka 2008 kampuni ikamalizana naye kwa karibu pauni 700,000 pamoja na gharama za mawakili, na mafaili yakafungwa kwa siri.

Hicho ndicho ninachotaka mkione. Kila mara ushahidi ulipotaka kutoka nje, kuna mtu alisaini hundi. Unapomlipa mtu ili jalada lisisomwe, wewe unajua kilichomo ndani ya jalada.

Nick Davies wa The Guardian alipoyafichua malipo hayo Julai 2009, ofisa mkubwa wa polisi wa London, John Yates, aliangalia suala zima ndani ya siku moja akatangaza hakuna jipya. Siku moja, na karatasi 11,000 zimo stoo! Mhariri wa zamani, Andy Coulson, aliyejiuzulu 2007 akisema hakujua lolote, alikuwa ameshachukuliwa na David Cameron awe msemaji wake mkuu, na 2010 akaingia naye ofisi ya waziri mkuu. Polisi wa London nao waliajiri aliyekuwa naibu wa Coulson, Neil Wallis, awashauri kuhusu mahusiano na vyombo vya habari.

Julai 2011 mnaikumbuka. Habari ya Milly ilitoka tarehe 4, watangazaji wakakimbia, na tarehe 10 gazeti lililoanzishwa mwaka 1843 likachapa toleo la mwisho. Tarehe 13 Murdoch akaachia azma ya kuinunua yote kampuni ya televisheni ya BSkyB. Rebekah Brooks, mkuu wa magazeti ya Murdoch Uingereza, akajiuzulu, mkuu wa polisi wa London akajiuzulu, Yates akajiuzulu. Tarehe 19 Murdoch akaketi mbele ya kamati ya bunge akasema hiyo ndiyo siku ya unyenyekevu mkubwa kuliko zote maishani mwake. Kiasi cha wafanyakazi 200 wakapoteza kazi, wengi wao wakiwa wamefika pale baada ya uchafu huo kufanyika. Nawaza sana juu ya hao. Mwandishi wa michezo, mpiga picha, mhariri wa lugha, wametolewa kafara ili himaya ipumue. Februari 2012, miezi 7 tu baadaye, kampuni ile ile ikaanza kuchapa The Sun, gazeti lake jingine la udaku, kila Jumapili.

Mei 2012 wabunge walio wengi kwenye kamati ile waliandika kwamba Murdoch si mtu anayefaa kuongoza kampuni kubwa ya kimataifa. Hakuna kilichofuata. Juni 2014 mahakama ikamtia Coulson hatiani, akapewa miezi 18 na hakukaa hata nusu yake ndani. Brooks alionekana hana hatia kwa mashitaka yote, na hukumu hiyo naiheshimu, mahakama ndiyo iliyousikia ushahidi. Lakini alikuwa mhariri wa gazeti wakati simu ya Milly inadukuliwa, na Septemba 2015 alirudishwa kuwa mkuu wa magazeti yote ya Murdoch Uingereza. Kwetu mhariri akichapa habari ya uongo asiyoijua, jibu la kwamba hakujua halimsaidii. Chuoni ndivyo tulivyofundishwa, na tulifundishwa hivyo kwa kuonyeshwa magazeti ya Uingereza kama kioo. Kwa hiyo msiniambie hainihusu.

Halafu lile lililonifanya nipige meza. Uchunguzi wa Jaji Leveson ulipangwa kuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu mwenendo wa magazeti kwa ujumla, ikatoa ripoti ya kurasa karibu 2,000 tarehe 29 Novemba 2012. Ya pili ndiyo ilikuwa ichimbe nani alifanya nini ndani ya kampuni, na polisi walihusikaje. Ilisubiri kesi za jinai ziishe. Waathirika waliahidiwa. Machi 2018 serikali ikaifuta, ikasema mambo yamebadilika. Leveson mwenyewe alipinga kwa barua. Yale maswali ya polisi wa Surrey, mifuko ya stoo, hundi za 2007 na 2008, yote yalikuwa ya sehemu ya pili.

Kwa hiyo ikabaki mahakama ya madai. Na mahakamani kukawa na hundi tena. Mpaka mwanzoni mwa 2025 kampuni ilikuwa imemalizana na watu zaidi ya 1,300 kabla kesi zao hazijasikilizwa. Januari 2025 Prince Harry na Tom Watson, yule mbunge aliyewabana tangu mwanzo, walibaki wawili tu, na nao wakamalizana siku moja baada ya ile iliyopangwa kesi ianze. Kampuni iliomba radhi, ikakubali kwamba hata wapelelezi waliofanyia kazi The Sun walivunja sheria, ila si waandishi wake. Shahidi hata mmoja hakupanda kizimbani.

Nataka kusikia kwa waliosoma sheria humu: utaratibu huu mnauitaje?

NYONGEZA: Mkuu mmoja kajibu kwamba waliochukua fedha wenyewe wana tamaa, wangekataa. Mkuu, soma kwanza utaratibu wa kule. Ukikataa fedha uliyopewa, halafu ukashinda kesi lakini jaji akakupa fidia ndogo kuliko ile uliyoikataa, unalipa gharama za mawakili wa pande zote mbili. Hugh Grant alieleza Aprili 2024 kwamba alitaka kesi yake dhidi ya kampuni hiyo isikilizwe, ila mawakili wakamwonya kwamba hata akishinda anaweza kudaiwa karibu pauni milioni 10. Huyo ni mwigizaji tajiri na alishindwa. Unamlaumu vipi nesi au baba wa askari aliyefia Afghanistan kwa kuchukua hundi?

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kuhusu magazeti ya Mirror: ndiyo, nao walidukua, na si kampuni ya Murdoch. Ila tazama tofauti. Kesi ya Harry dhidi yao ilisikilizwa mpaka mwisho, na hukumu ikatoka Desemba 2023. Jaji akasoma ushahidi hadharani, akasema udukuzi ulikuwa umeenea kwenye kampuni ile na wakubwa kadhaa walijua, akampa fidia ya pauni 140,600. Hukumu ipo, imeandikwa, mtu yeyote anaweza kuisoma. Kwa Milly Dowler hakuna hukumu ya kesi ya madai kama hiyo inayosema ni nani ndani ya kampuni aliyejua, na alijua lini.