Tupeane uzoefu: nani amewahi kupiga kwenye okestra ya shoo mpya kabisa ya jukwaani? Ilikuwaje?

FidlaYaPili (Kampala)

Habari zenu wapendwa. Humu naona kwaya na bendi za harusi zinaongelewa kila siku ila sisi wa okestra za kujitolea, wale wa kutoka kazini na kukimbilia riheso (mazoezi) na fidla mgongoni juu ya boda, hatujapata mada yetu, basi leo nafungua mimi.

Nilipiga fidla ya pili kwenye mchezo mpya hapa Kampala. Mpya kweli, maneno yameandikwa hapa, muziki umetungwa hapa, hakuna mtu aliyewahi kuusikia kabla yetu kwa hiyo huwezi kwenda YouTube usikilize wenzako wanaupigaje. Mtunzi mwenyewe anakaa mstari wa mbele na rolex (chapati ya mayai) mkononi, mnapiga, anasikiliza, anasema hapo futeni, anzeni tena hivi. Mimi nimezoea muziki wa wazungu wa zamani, noti zimeshakaa miaka 200 hakuna anayezigusa, hii ilikuwa kazi nyingine kabisa na niseme wazi ndiyo kazi iliyonipendeza kuliko zote.

Hadithi ilikuwa ya familia ya wapiga entenga. Kwa ambao hawajui, entenga ni ngoma 15 za ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, 12 kati yake zimetiwa sauti mpaka zinaimba wimbo, wapigaji ni sita, na hukuzisikia ovyo ovyo mitaani. Halafu tarehe 24 Mei 1966 jeshi likavamia Lubiri, ikulu yenyewe, pale Mengo, Kabaka Mutesa II akatoroka, mwaka uliofuata falme za Uganda zikafutwa, na wapigaji wa ikulu wakatawanyika kila mtu na lwake. Mchezo unamfuata mzee mmoja (wa kubuni) ambaye amebaki na nyimbo zote kichwani na hana ngoma hata moja, sasa anamfundisha mjukuu wake zile nyimbo kwenye amadinda, marimba yetu ya vibao vya mbao.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Amadinda ina vibao 12, ina sauti tano kwenye oktava moja, na umbali wa sauti moja mpaka nyingine unakaribia kulingana, kwa hiyo haikai kwenye piano, ukitafuta noti yake unaikuta katikati ya funguo mbili. Riheso ya kwanza ya pamoja klarineti akatupa La tukakaza nyuzi vizuri, wapiga amadinda wakaanza, tukaingia... banange. Watu walishusha vyombo wakaangaliana.

Kukawa na mjadala mrefu. Kuna waliosema amadinda ikwanguliwe ifuate okestra. Inawezekana, kibao ukikikwangua chini katikati sauti inashuka, ukikwangua kwenye ncha inapanda. Lakini mzee aliyezichonga alikuwepo, akasema kwa upole tu kwamba mbao ikishakwanguliwa hairudi, na akauliza mjukuu kwenye hadithi anafundishwa muziki wa nani. Mwongozaji akakubaliana naye na mimi mpaka leo naona alikata shauri sawa. Klarineti na filimbi zikanyamazishwa kwenye zile sini (sehemu za mchezo) zote za amadinda, tukabaki sisi wa nyuzi kwa sababu fidla haina vituo, kidole unaweka popote sikio linapotaka.

Sasa kuweka kidole cha tatu chini kidogo ya pale ulipofundishwa miaka yote, na kubaki pale, mkono unakataa kabisa! Nilikuwa nafanya zoezi kila usiku na rekodi ya amadinda kwenye simu, sauti moja moja, nashika mpaka ule mtetemo kati ya fidla na kibao unapotea. Kwenye amadinda wawili wanakaa wakitazamana, omunazi anaanza, omwawuzi anapachika zake kwenye nafasi zilizoachwa, wa tatu omukoonezi yeye na vile vibao viwili vya mwisho juu, na katikati ya wale watu unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja anayeupiga peke yake. Kazi yetu sisi fidla ilikuwa kuushika ule wimbo na kuubeba polepole. Siku ya kwanza ya shoo tulipoingia pale watu wazima kwenye viti vya mbele walianza kuimba wenyewe, hakuna aliyewaambia.

Haya, wenzangu leteni zenu.

Tarumbeta Mstaafu (Nsambya)

Asante mwanangu kwa mada. Mimi ni mzee wa bendi ya polisi, Kiswahili na tarumbeta vyote nimevipata barakisi (kambini), na baada ya kustaafu vijana wa kanisa letu waliniomba niwasaidie kwenye mchezo wao wa nyimbo, wameutunga wenyewe toka mwanzo mpaka mwisho.

Niseme jambo moja. Gwaride unapigia uwanja, jukwaani unapigia mtu mmoja anayeongea. Kulikuwa na binti anaongea na mama yake mgonjwa, anaongea chini sana, na mtunzi ameandika tarumbeta pale pale. Kizuia sauti hatukuwa nacho. Nikachukua bereti yangu ya zamani nikaiweka mdomoni mwa tarumbeta, nikainamisha chombo kielekee kwenye stendi ya noti, nikapuliza hewa nyembamba, na pumzi nyembamba ndiyo inachosha zaidi msidhani ni kinyume chake. Yule binti alisikika mpaka mlangoni.

Kitu kingine, kwenye gwaride wimbo ukianza utaisha pale ulipoandikiwa kuisha. Jukwaani kuna vipande vya kurudia, unazunguka mstari ule ule mpaka mwigizaji aseme neno fulani ndio mnatoka. Siku moja anasema haraka, siku nyingine machozi yamempata kweli anakaa kimya, na nyie mnazunguka tu. Macho kwa mwongozaji, masikio kwa mwigizaji. Vijana wengi wanaojua noti vizuri wanashindwa hapo kwa sababu hawainui macho kwenye karatasi.

Mama Chelo

Shikamoo mzee, hiyo ya bereti nimeichukua.

Mimi ni wa Bukavu, naishi Namuwongo hapa Kampala, napiga chelo, ile fidla kubwa ya kukaa nayo chini. Kwetu Kongo kule Kinshasa kuna okestra ya Wakimbangu (waumini wa kanisa la Simon Kimbangu) tangu 1994, watu wa kawaida wenye kazi zao, nilikua nikisikia habari zao ndio nikajua chelo si ya watu fulani tu.

Shoo niliyopiga ilikuwa na kwaya kubwa jukwaani na kwaya ile inasoma solfa, do re mi, sisi tunasoma noti za mistari. Wiki ya mwisho muimbaji mkuu sauti ikawa imechoka, mtunzi akaamua wimbo wake wa pili ushushwe sauti. Kwa kwaya ni kufuta neno moja tu juu ya ukurasa, do inahamia pengine na zile herufi zote chini zinabaki vile vile. Kwa okestra kila chombo kinataka ukurasa mpya! Dada mmoja wa viola na mimi tulibaki na mtunzi tunaandika kwa mkono usiku, asubuhi mapema tukawa Nasser Road kutoa fotokopi, yule kijana wa mashine akatubandikia kurasa kwa gundi ya karatasi ili zifunguke bila kelele, maana ukigeuza ukurasa wakati wa sala jukwaani ukumbi mzima unasikia. Tena feni ya ukumbi inapeperusha, nunueni vibanio vya nguo, vya mbao ndio vinashika.

Kuna wanaosema okestra ya shoo ni ya kusindikiza tu. Siwakubali. Tukinyamaza sisi kwenye ile sala, maneno yanabaki yale yale lakini watu hawasimami.

Adungu Arua

Nawasalimu toka West Nile. Kwetu ni rahisi kidogo kuliko huko kwa FidlaYaPili kwa sababu adungu (vinubi vyetu vya nyuzi) nyingi za makanisani tunazikaza kwa do re mi, kwa hiyo na fidla tunaelewana. Adui yetu ni mvua. Adungu ina ngozi, ikinywa unyevu inalegea na sauti zinashuka kila uzi kivyake. Shoo yetu mvua ilipiga mabati hakuna neno hata moja la waigizaji linasikika, dairekta akatupa ishara tukachukua wimbo wa safari tukaurudia na kuurudia, adungu kubwa ya besi chini, ndogo juu, waigizaji wakaanza kutembea ile safari polepole kuzunguka jukwaa mpaka mvua ikapungua. Mimi nakaza vigingi kimoja kimoja huku sikio nimelibandika kwenye shingo ya adungu nisikie kwa mbao, kwa hewa husikii kitu. Mtunzi akapenda ule mzunguko, kesho yake akauacha ndani ya mchezo hata bila mvua.

KlarinetiJinja

Wakubwa shikamooni. Nimealikwa kwenye shoo mpya, ni yangu ya kwanza, huwa napiga kanisani tu. Maswali: je kuna malipo? Na nibebe nini? Na klarineti yangu jioni kwenye joto la taa inapanda sauti, nifanyaje?

FidlaYaPili (Kampala)

Marahaba mdogo wangu. Malipo uliza kabla hujaanza riheso, bila aibu. Sisi tulipewa nauli na chakula, tiketi zikiuzwa vizuri mnagawana kitu, na kwa sababu tulikubaliana mapema hakuna aliyenung'unika. Ukiambiwa "tutaona mbele ya safari" omba wakutajie sasa.

Kubeba: penseli laini na raba, kalamu ya wino usilete kabisa, mtabadilisha mpaka siku ya mwisho. Taa ndogo ya kubana kwenye stendi, nguo nyeusi ya mikono mirefu. Karatasi zako zipige picha kwenye simu kila baada ya riheso.

Klarineti ikipata joto vuta kidogo pale inapounganishwa juu, na kabla ya shoo ipulize ipate moto ndio mkaze na wengine, ukiikaza ikiwa baridi itawaacha katikati ya sini. Na uombe kukaa mahali unapomuona mwongozaji na mdomo wa mwigizaji kwa pamoja, Mzee Tarumbeta ameshaeleza kwa nini.