Kijana wangu (13) anataka beji ya kulala nje kwenye baridi kali, naomba ushauri

MamaNuru
Habari zenu wakuu. Tuko Marekani na kijana wangu ni skauti. Januari kundi lao linakwenda kupiga kambi kwenye theluji, na siku hizi haongei kitu kingine ila beji ya Zero Hero, wanayopewa waliolala nje usiku ambao joto limeshuka hadi nyuzi 0 za Farenhaiti au chini yake. Kwa Selsiasi ni kama −18. Na hakuna kibanda chenye hita, ni hema au pango la theluji.

Viongozi wake nawaamini na fomu ya afya nimeshajaza. Sitaki kumkatisha tamaa, maana sijawahi kumwona akikitaka kitu hivi. Ila mimi nimekulia kwenye joto, baridi ya namna hiyo siijui. Ana koti zito na begi la kulalia lililoandikwa nyuzi 0 za Farenhaiti. Inatosha? Na nimfundishe nini kabla hajaondoka?

Kiongozi_Kambi
Dada, hongera kwa kumpa nafasi. Nimepeleka vijana kwenye kambi hizi kwa miaka mingi, nikuambie ninachokiangalia mimi.

Ile namba kwenye begi mara nyingi ni kiwango cha kuvumilia hadi asubuhi, si cha kulala usingizi mzuri. Tafuta begi la kiwango cha chini zaidi, au umwongezee blanketi ndani. Lakini hata begi zuri halimsaidii kama chini hakuna kitu. Akishalilalia, ule ujazo wa chini unabanwa, hewa inatoka, na ardhi inamnyonya joto usiku kucha. Mpe mikeka miwili, wa povu chini na wa kujaza hewa juu yake.

Kinachowaangusha vijana wengi ni jasho. Mtoto anafika kambini na furaha zake, anachota theluji kwa koleo akiwa na koti, analowa ndani bila kujua. Jua likizama ule unyevu unageuka baridi mwilini. Mfundishe avue koti KABLA ya kazi na alivae anapopumzika. Nguo za pamba zibaki nyumbani zote, hata fulana ya ndani na soksi. Avae sufu au sintetiki. Na kabla ya kulala abadili kila kitu, hata soksi anazoona ni kavu. Hapo atakubishia. Usimwachie.

MamaNuru
Asante sana kaka. Huyu hulala amejifunika gubigubi. Kule afunike uso ndani ya begi?

Kiongozi_Kambi
Hapana. Pumzi yake italowesha begi. Avae kofia na shali, pua na mdomo vibaki nje. Matundu ya hewa ya hema nayo yasizibwe.

BabaWatatu
Naongezea upande wa jiko. Mitungi midogo ya gesi huwasumbua sana kwenye baridi hiyo. Gesi ya butani haigeuki mvuke ikiwa chini ya nyuzi −0.5 za Selsiasi, na isobutani inagoma karibu na −12. Kwa −18 watumie jiko la mafuta ya kimiminika, si la gesi. Na liwashwe nje tu, si ndani ya hema wala pango, hata kwa dakika moja ya kuchemsha chai. Kaboni monoksidi haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Hili mwambie mwenyewe kwa mdomo wako, usitegemee kwamba ameshaambiwa.

Wakiyeyusha theluji watangulize maji kidogo kwenye sufuria, vinginevyo inaungua. Chupa za maji wazigeuze kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi. Usiku aingie kwenye begi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, ndani ya soksi. Ale kitu chenye mafuta kabla ya kulala, karanga au jibini. Na akibanwa na mkojo saa nane za usiku, atoke. Kujizuia kunamnyima usingizi bure.

Eagle_wa_Zamani
Kama watajenga pango la theluji kwa kurundika theluji na kuichimba ndani, rundo liachwe lishikane kwa muda wa saa mbili hivi kabla ya kuchimba. Wachomeke vijiti vya sentimita 30 kuzunguka lote. Anayechimba ndani akiona ncha ya kijiti, anaacha hapohapo. Asichimbe mtu peke yake. Mwenzake akae nje na koleo mkononi.

Halafu upepo. Paul Siple, skauti wa Pennsylvania, alichaguliwa mwaka 1928 kwenda Antaktika na mpelelezi Richard Byrd. Baadaye Siple na mwenzake Charles Passel walipima hukohuko jinsi maji yanavyoganda kwenye upepo, na ndiyo asili ya kipimo cha baridi ya upepo kinachotajwa kwenye utabiri wa hali ya hewa. Kwa −18, upepo wa kilomita 30 kwa saa unaifanya ngozi ihisi kama −30. Hema likae nyuma ya miti, lisiwe chini ya matawi yaliyolemewa na theluji.

Usiku huo unaweza pia kumsaidia kwenye beji ya ujuzi ya kupiga kambi. Kupanga na kulala usiku mmoja kwenye theluji ni mojawapo ya mambo ya kuchagua pale.

Dada_Zuhura
Mimi ningesita. Mtoto wa miaka 13 akitamani kitu hivyo anaweza kuficha kwamba anaumia ili asikose beji.

Kiongozi_Kambi
Hofu yako ina msingi, dada Zuhura. Ndiyo maana wanalala wawiliwawili na kila mmoja anamchunguza mwenzake. Anayejikwaa hovyo, ulimi mzito, ananuna bila sababu, vidole vimeshindwa zipu: huyo anapelekwa kwa kiongozi hata akikataa. MamaNuru, mwambie kijana kwamba akiamua kukatisha kambi usiku wa manane, utamfurahia vilevile. Ayasikie kutoka kwako. Na kabla ya Januari alale uani usiku mmoja na vifaa vyake vyote.

MamaNuru
Nimemsomea yote, kwenye soksi kabisha kweli! Jumamosi atalala uani na rafiki yake wa kundi hilohilo, na mlango wa nyuma sitaufunga. Mkeka wa pili bado hatuna. Asubiri hadi tuupate?

Kiongozi_Kambi
Usubirini. Jaribio la uani lifanyike na vitu vilevile atakavyobeba.