Jumla ya IgA (aina mojawapo ya kingamwili za mwili) ipimwe kwa kila anayepimwa siliaki, au ni hela za bure?

Mama Zuhura: Wenzangu wa Uingereza, mwanangu alipimwa siliaki, ule ugonjwa wa utumbo kuikataa ngano. Karatasi ninayo hapa, mstari mmoja tu: HASI. Mwaka mzima anaharisha, damu inapungua. Daktari mwingine ndiye aliyeuliza, "Jumla ya IgA walipima?" Hawakupima. Kumbe mtoto hana IgA kabisa, na kile kipimo cha siliaki, kinaitwa tTG, kinatafuta kingamwili za IgA hizohizo! Maabara zisilazimishwe?

Fundi Maabara: Pole, dada. Mwongozo wa 2015 wa NICE, taasisi ya miongozo ya afya huku Uingereza, unataka vyote viwili. Ila maabara nyingine hupima IgA pale tu tTG inaposoma chini mno, maana hiyo ndiyo dalili ya kukosa IgA. Huku Ulaya wasio na IgA ni kama mmoja kwa 600. Waliobaki unawapima bure.

Mama Zuhura: Bure? Njoo umwambie mwanangu usiku anavyojikunja.

Fundi Maabara: Sikumaanisha hivyo.

Chapati Moto: Ugonjwa wa Wazungu huu. Bibi yangu kala chapati hadi miaka 90.

Binti Unguja: Wasahrawi wa Sahara Magharibi, watoto wao walipopimwa zaidi ya 5 kwa 100 walikutwa nao. Wazungu hao?

Chapati Moto: Nimeongelea bibi yangu, wewe unanipeleka jangwani.

Binti Unguja: Bibi yako si kipimo cha maabara, kaka.

Mzee wa Leeds: Mama Zuhura, mwachishe ngano leo hii. Vitumbua vya mchele vipo, mkate wa kumimina upo.

Chapati Moto: Na chapati ya unga wa mchele? Inakatika kama biskuti, aibu tupu.

Binti Unguja: Hujui kukanda. Maji ya moto.

Chapati Moto: Mimi? Nimekanda kabla hujazaliwa!

Fundi Maabara: Jamani, ASIACHE ngano! Apimwe kwanza kingamwili za IgG, aina nyingine ambayo haitegemei IgA, na wiki 6 kabla awe anakula ngano zaidi ya mlo mmoja kwa siku. Akiacha, majibu yatadanganya tena. Na kwa wenye siliaki, wasio na IgA ni 2 au 3 kwa 100, kwa hiyo dada ana hoja.

Mama Zuhura: Unga wote nimeshautupa jana.

Chapati Moto: Umetupa unga?!