Vishikwambi 15, projekta au seva ndogo ya darasani? Kikao ni Ijumaa

Mwalimu_Nyando
Habari za jioni walimu wenzangu. Wazazi wamechanga pesa za vifaa vya kidijitali vya Sekondari Msingi. Kamati inakaa Ijumaa na inataka kusikia jambo moja, si porojo. Mezani kuna mapendekezo matatu: vishikwambi 15 vya Android, projekta moja na laptopu, au laptopu iwekwe Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti, iwe seva, wanafunzi wajiunge kwa Wi-Fi bila intaneti. Masomo ni Hisabati na Sayansi. Kipi kitafanya kazi darasani kweli, kisiishie kabatini?

Fundi_Kondele
Mwalimu, hapo hakuna wa kukujibu vizuri. Darasa lina wanafunzi wangapi? Pesa ni ngapi? Stima ipo, na hupotea mara ngapi kwa wiki? Soketi ngapi darasani? Na swali ambalo wengi husahau: vile vifaa vya mradi wa serikali ya Kenya wa 2016 viko wapi? Shule za msingi zilipewa vishikwambi vya wanafunzi, laptopu za walimu, projekta na seva ya maudhui. Kama Sekondari Msingi yenu iko ndani ya shule ya msingi, huenda kitu mnachotaka kununua kiko stoo.

Gredi7_Njoro
Wakati tunangoja majibu, mimi nasema projekta. Kipindi ni dakika 40. Kugawa vishikwambi, kufungua, kutafuta aliyesahau nywila, kukusanya na kuhesabu, hizo ni dakika 12 hadi 15 zimekwenda. Projekta ukiiwasha darasa zima linaona kitu kimoja.

Hisabati_Bungoma
Darasa zima linaona, lakini nani anafanya? Mtoto hajifunzi milinganyo kwa kuangalia ukuta. Kishikwambi kikiwa mikononi mwa watoto watatu, mmoja anaandika, wawili wanabishana naye kuhusu jibu. Hapo ndipo hesabu inaingia kichwani.

Mwalimu_Nyando
Samahani kwa kuacha hayo. Gredi 7 ni 58, Gredi 8 ni 51. Pesa ni shilingi 180,000. Stima ipo, ila mvua ya alasiri ikija hupotea, na kwetu hunyesha alasiri. Darasa lina soketi moja pacha karibu na ubao. Dari hakuna, ni mabati moja kwa moja. Vya stoo sijaviona, mwalimu wa ICT wa zamani alihamishwa na ufunguo uko kwa naibu.

Fundi_Kondele
Basi ufunguo ndio ununuzi wako wa kwanza.

Sayansi_Kakamega
Kabla hujafikia vishikwambi, soma hili. Shule moja huku ilinunua 25. Muuzaji, ili asisumbuke kuweka programu kimoja kimoja, aliingia kwenye vyote kwa akaunti ya Gmail moja, yake mwenyewe. Nywila ilikuwa kwenye simu yake tu. Muhula wa pili mwanafunzi akaweka mchoro wa kufunga skrini na akausahau. Mwalimu akafanya alichosoma mtandaoni: kuzima, kubana kitufe cha kuwasha pamoja na cha kuongeza sauti, kuchagua kufuta data yote. Kikawaka vizuri, kikauliza lugha, kikauliza Wi-Fi, kisha kikasema: thibitisha akaunti iliyokuwa ikitumika kwenye kifaa hiki. Hapo ndipo mwisho. Huo ni ulinzi wa Android dhidi ya wizi, na hauna habari kwamba wewe ni mwalimu. Kwa kudhani ni hitilafu ya kifaa kimoja, wakarudia kwa vingine sita vilivyokuwa vizito. Saba vikafa hivyo, na muuzaji alikuwa hashiki simu.

Vilivyobaki vilifungiwa Novemba vikiwa na chaji ya asilimia tatu nne, kwenye kabati la chuma lililoegemea ukuta unaopigwa na jua. Januari, 11 havikuwaka kabisa. Viwili vilikuwa vimevimba mgongo, skrini imenyanyuka pembeni kiasi cha kuingiza ukucha. Betri ya lithiamu ikikauka chini ya kiwango chake hujifunga, na joto huizeesha hata ikiwa imezimwa. Kilichovimba hakichajiwi tena na hakibonyezwi kirudi. Kitolewe nje ya jengo.

Kwa hiyo: fungueni akaunti ya shule, nywila iandikwe kwenye leja ya mwalimu mkuu. Ukitaka kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani, ondoa kwanza akaunti ukiwa ndani ya mipangilio. Likizo ikifika chaji iwe karibu asilimia 50, kifaa kizimwe kabisa, na mtu avipitie vyote katikati ya likizo ndefu.

Hisabati_Bungoma
Hayo ni makosa ya utunzaji, si ya kishikwambi. Hata projekta ukiichomoa ghafla balbu inaumia.

Gredi7_Njoro
Ni kweli, za balbu zinahitaji feni iendelee kuzunguka dakika mbili hivi baada ya kuzima. Ndiyo maana unaweka UPS ya 650VA, yaani kisanduku cha betri kinachoshika stima ikipotea. Haitaendesha kipindi, itakupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Na radi za magharibi mwa Kenya mnazijua. Stima ikirudi hurudi kwa kishindo. Ekstensheni ya kawaida si kinga.

Mzazi_Mamboleo
Kwa nini msinunue televisheni ya inchi 43? Inakula wati 60 hadi 80, haina balbu, unachomeka flashi yenye video za MP4, kazi imeisha. Bei ni chini ya projekta nzuri.

Gredi7_Njoro
Wa nyuma hawataona. Kanuni ya vitendo: kimo cha picha kiwe angalau sehemu moja ya sita ya umbali wa mwanafunzi wa mwisho. Inchi 43 ina kimo cha sentimita 53 na nusu, ukizidisha kwa 6 ni mita 3.2. Inchi 55 ina sentimita 68, yaani mita 4.1. Darasa la watoto 58 lina urefu wa mita 8 hivi kutoka ubaoni. Unahitaji picha yenye kimo cha mita 1.33 na upana wa mita 2.1. Projekta nyingi za kawaida zinataka umbali wa mara moja na nusu ya upana, kwa hiyo mita 3.2 kutoka ukutani, katikati ya madawati. Pangeni njia ya waya mapema, mtoto asiukanyage.

Mwangaza usiwe chini ya lumeni 3,000 za ANSI, kipimo rasmi cha mwangaza wa projekta. Zile ndogo za bei rahisi huandikwa lumeni elfu saba au nane kwenye boksi, lakini hazipimwi kwa kipimo hicho. Saa tano mchana huoni kitu. Msiangaze kwenye ubao mweusi. Pakeni ukuta rangi nyeupe isiyong'aa, au shuka jeupe lililopigwa pasi na kunyooshwa kwa ubao juu na chini.

Mzazi_Mamboleo
Nimeelewa. Lakini basi hesabu stima pia.

Fundi_Kondele
Projekta wati 250, laptopu 60, jumla 310. Kwa dakika 40 ni wati-saa 207 hivi. Betri ya asidi ya 12V, 100Ah ina 1,200, lakini usitumie zaidi ya nusu kama unaipenda, na inverta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, inakula yake. Utapata vipindi viwili. Kwa alasiri za Nyando inatosha, ila bei yake itapunguza hizo 180,000 sana. Rahisi zaidi ni mwalimu mkuu kuhamisha vipindi vya Sayansi viwe asubuhi.

Vishikwambi havina shida hiyo. Betri ya 5,000mAh ni kama wati-saa 19. Vyote 15 ni 285, na ukiweka upotevu, 400. Chaja 15 za wati 10 ni wati 150, soketi moja inabeba bila jasho. Tatizo ni chaja zenyewe: chaja 15 kwenye ekstensheni tatu zilizochomekwana moja ndani ya nyingine, plagi zinalegea, zinapata moto. Nunua chaja za milango sita ya USB, tatu zinatosha.

Seva_Nakuru
Naona mnashindanisha vitu ambavyo havishindani. Kolibri inakaa ndani ya laptopu ileile ya projekta. Haiongezi gharama isipokuwa ruta, kifaa cha kusambaza Wi-Fi, na waya wa ethaneti wa kuiunganisha na laptopu. Utaratibu:

Kwanza sakinisha Kolibri penye intaneti nzuri na uingize chaneli unazotaka tu. Khan Academy, yaani video na mazoezi ya bure, ikichukuliwa nzima ni makumi ya GB, kwa hiyo chagua mada, usichukue yote. Ukishaipata kwenye laptopu moja unaweza kuihamisha kwa diski kwenda nyingine bila bando. Unganisha laptopu kwenye ruta kwa waya, si kwa Wi-Fi. Iwekee anwani isiyobadilika, mfano 192.168.0.10, na wanafunzi wafungue 192.168.0.10:8080 kwenye kivinjari. Zima mpangilio wa laptopu kulala ukifunika.

Yanayokwama ni matatu. Windows hukataa wageni kama mtandao umewekwa kuwa wa umma. Uweke kuwa wa binafsi na uiruhusu Kolibri kwenye ngome ya mfumo (firewall). Pili, kifaa chenye laini ya simu kikiona Wi-Fi haina intaneti hurukia data, na ukurasa unakataa kufunguka, zima data. Tatu, watoto 20 wakifungua video kwa wakati mmoja kwenye ruta ya bei ndogo, zote zinakwama. Video ziende ukutani kwa projekta, vishikwambi vifanye mazoezi tu. Mazoezi ni mepesi.

Hisabati_Bungoma
Na maudhui? Mazoezi ya Khan yana dola na futi, na hayafuati mpangilio wa mtaala wetu. KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, ina maudhui yaliyoidhinishwa kwenye Kenya Education Cloud.

Seva_Nakuru
Ya KICD yatumike, hakuna ubishi, ila yanahitaji intaneti. Ndani ya Kolibri mwalimu anaunda somo lake: anachagua mazoezi manane ya hesabu za sehemu, anayaita kwa jina la mada ya wiki, na ukiweka mpangilio wa kuonyesha alichopewa tu, mwanafunzi haoni mengine. Kazi hiyo inachukua jioni moja kwa wiki. Asiye tayari kuifanya, asinunue chochote.

Kwa Sayansi pakua pia maigizo ya kompyuta (simulation) ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Kila moja ni faili moja, linafunguka kwenye kivinjari bila mtandao, na mengi yana Kiswahili. La kuunda sakiti ya umeme ni zuri mno: mtoto anaunganisha betri na balbu, anaona elektroni zikitembea, akikosea betri inashika moto kwenye skrini badala ya mezani.

Sayansi_Kakamega
Tahadhari na vishikwambi vya zamani vya stoo. Kivinjari cha Chrome kiliacha kusasishwa kwa Android 7 tangu 2023. Kurasa za sasa zinaweza kufunguka nyeupe tupu. Jaribu kimoja kwa Kolibri kabla ya kuwaahidi wazazi.

Binti_Ahero
Mbona hakuna aliyetaja Plickers? Simu moja ya mwalimu na kadi za karatasi. Kila mwanafunzi ana kadi yenye alama yake, anaigeuza upande wa A, B, C au D, wewe unapitisha kamera darasani na majibu ya wote yanaingia. Kuna seti ya kadi 63, kwa hiyo 58 wanaenea. Chapeni kadi kubwa, moja kwa ukurasa, kwenye karatasi ngumu isiyong'aa. Msizifunike plastiki, mwanga wa dirishani ukigonga kamera haisomi. Kidole kikiziba ukingo wa alama pia haisomi. Mwalimu atahitaji bando kidogo tu. Gharama ni uchapishaji.

Gredi7_Njoro
Hiyo nakubali, na inakaa vizuri na projekta: swali ukutani, kadi juu.

Mzazi_Mamboleo
Majina ya watoto yanaingia kwenye hiyo programu? Na kwenye Kolibri?

Seva_Nakuru
Swali zuri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini. Data ya Kolibri inabaki kwenye laptopu yenu. Plickers iko mtandaoni, kwa hiyo tumieni namba badala ya majina: 7-01 hadi 7-58, orodha ibaki kwenye daftari la mwalimu.

Hisabati_Bungoma
Namba zinachanganya. Ukiona 7-34 amekosa yote, unamkumbuka nani? Mwalimu anahitaji jina hapo hapo ili amfikie mtoto kabla kengele haijalia.

Binti_Ahero
Andika jina kwa penseli nyuma ya kadi.

Mwalimu_Nyando
Asanteni sana. Nimepata ufunguo leo. Stoo ina vishikwambi 31, vilivyowaka baada ya kuchaji ni 19. Seva haina waya wa umeme. Projekta inawaka taa nyekundu, feni inazunguka, picha hakuna. Kwa hiyo pengine pesa yote isiende kwenye vishikwambi vipya. Lakini mwenyekiti anavitaka, anasema wazazi wanataka kitu cha kuonekana.

Fundi_Kondele
Taa nyekundu na feni inazunguka mara nyingi ni balbu au joto, si bodi. Ondoa kichujio cha vumbi, kipulize nje ya darasa, jaribu tena. Ikigoma, piga picha ya modeli iliyo chini yake na namba iliyo kwenye balbu, uweke hapa. Usinunue balbu kwa kukisia. Na hizo 19, angalia toleo la Android kwa kila moja. Si lazima zifanane.

Mwalimu_Nyando
Kesho asubuhi nitaziangalia. Na spika? Za laptopu hazifiki nyuma.

Gredi7_Njoro
Spika ya waya, si ya Bluetooth, sauti isichelewe nyuma ya picha. Ila mvua ikigonga mabati hakuna spika ya elfu tatu itakayosikika. Tafuta video zenye manukuu.

Mwalimu_Molo
Samahani kuingilia. Hizo kadi za Plickers, Gredi 4 wanaweza kuzishika sawasawa? Wangu wanageuza C wakidhani ni B.

Binti_Ahero
Herufi zimeandikwa ndogo pembeni ili jirani asiibie. Wafundishe kwanza kwa swali lenye jibu linalojulikana, mfano leo ni siku gani, mara tatu nne, mpaka wote 100 kwa 100. Uko na wangapi darasani?