Uliwahi kumuona chui Unguja, au mnyama kama huyo kwengineko? Tupeane uzoefu, ya macho yako tu

Mtoto wa Muyuni:
Assalaam alaykum wakubwa, wadogo shikamooni mkipenda.

Mada hii nimeikalia muda mrefu. Naianza na yangu ili asije mtu akasema nawachokonoa wenzangu.

Mwaka 2009, chungu cha Ramadhani, natoka Kitogani narudi Muyuni kwa baskeli. Ilikuwa kama saa nne za usiku. Baskeli yangu ilikuwa na taa ya dainamo, na mwenye kuijua taa hiyo anajua shida yake: ukikanyaga kwa nguvu inawaka, ukipunguza inafifia. Mbele yangu, hatua kama ishirini, kitu kikatoka kichakani upande wa kulia. Nikashtuka, nikaacha kukanyaga. Basi pale pale nilipoutaka mwanga kuliko wakati wowote, ndipo ulipozima.

Nilichokiona kabla ya kiza: mgongo mrefu ulioinama katikati, mabega yakipanda na kushuka, na mkia. Mkia ule ndio ulioninyima usingizi. Mrefu, umening'inia, nchani umejikunja kwa juu kama mpini wa bakora. Hakukimbia. Alikata barabara kama mtu anayekwenda kwao.

Asubuhi nikamwambia mjomba. Hakuniuliza alikuwa mkubwa kiasi gani. Aliniuliza: "Kaingia shamba la nani?"

Masharti mawili. Sema ulichokiona wewe, si alichokiona shemeji ya jirani. Na usitaje jina la mtu kwamba ndiye mwenye chui.

Leta Picha:
Mkuu, chui Zanzibar? Si mlishawamaliza zamani? Hiyo ni ngawa, njaa ya mfungo ikaikuza. Picha iko wapi?

Mtoto wa Muyuni:
Ndugu yangu, 2009 nilikuwa na simu ya tochi. Ningempiga picha kwa tochi?

Bi Mkasi:
Mie nilimuona mchana kweupe, na sikuwa peke yangu.

Ni 1984 au 85, sijafika umri wa kuolewa. Tumekwenda kukata kuni maweni, nyuma ya Charawe: mie, mamaangu na khaloo. Pale ardhi ni mawe matupu na vichaka, unatembea unaangalia chini usije ukachanwa. Mie ndiye niliyekuwa mbele. Nanyanyua uso, yuko juu ya jiwe, amelala ubavu kama paka wa jikoni. Madoa madogo madogo, yamesongamana, si yale makubwa ya chui wa kwenye khanga. Mkubwa kupita mbwa wa wasasi, lakini si wa kutisha kwa ukubwa. Kilichonitisha ni kwamba alikuwa keshatuona zamani.

Sikupiga kelele, sauti ilikataa. Mamaangu akaweka panga chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejibu salamu: "Hatuna ugomvi na wewe, wala na aliyekutuma." Akashuka kwenye jiwe, taratibu, akatupa mgongo.

Kuni tuliziacha. Njiani mama akatuapisha tusiseme. Si kwa kumuogopa chui. Alisema, tukisema tumemuona, mwenyewe atajua ni sisi tuliosema.

Msasi Mstaafu:
Bi Mkasi, hayo madoa madogo umeyasema vizuri. Nimetembeza wageni msitu wa Jozani miaka kumi na moja, na wengi wanaodai wamemuona wanaeleza chui wa kwenye televisheni. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yamesagika. Mzungu mmoja wa makumbusho ya London, Pocock, alimwandika mwaka 1932 kuwa ni aina ya peke yake, akampa jina la Aders, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa serikalini Zanzibar. Paa nunga naye ana jina la huyo huyo. Kisiwa chetu kilikatika na bara tangu bahari ilipopanda mwisho wa zama za barafu, basi chui aliyebaki huku akageuka kivyake.

Wa umri wangu tulipelekwa na skuli kumuona pale makumbusho ya Beit el Amani, Mnazi Mmoja. Kakaushwa, ndani ya kioo, kachoka kweli. Mwenzetu mmoja alilia. Mwalimu akamwambia "huyu keshakufa," naye akajibu, "mwenyewe je?"

Sasa, Leta Picha una haki ya kuuliza. Kwa faida ya wote: ukikuta alama ya mguu, tazama kucha. Mbwa kucha zake zinachora ardhini, chui anaziingiza ndani. Upana wake ni karibu na kiganja chako bila vidole; ikiwa ni ndogo kuliko hapo kwa mbali, hiyo si yake. Ukikuta mbuzi kauliwa, tazama shingo. Chui anabana koo, halafu anamburura mzoga kwenda kuuficha. Mbwa wanararua miguu ya nyuma na tumbo, majeraha kila mahali, mzoga unaachwa pale pale. Katika miaka yangu nimeitwa kutazama mbuzi mara nyingi mno. Takriban wote walikuwa wa mbwa.

Nimesema takriban. Wawili sikuweza kuwaeleza.

Leta Picha:
Mzee nakusalimu, shikamoo. Hiyo "mwenyewe" mnayoitaja kila mara ni nani? Sisi wa bara tunaachwa nje.

Msasi Mstaafu:
Marahaba. Unguja chui ni wa namna mbili kwa maneno ya watu: wa mwitu na wa kufugwa. Wa kufugwa ana mwenyewe, anamlisha, anamtuma kwa anayegombana naye, amle mbuzi au amtishe mtoto njiani. Usicheke. Baada ya Mapinduzi ya 1964 palipita kampeni kisiwa kizima, akiiongoza mganga maarufu akiitwa Kitanzi, ya kufichua wachawi na kuua chui pamoja. Chui hawajasimama tena baada ya hapo. Na miaka ya 1990 walipokuja watafiti wakitaka kuwaona, wakajitokeza watu wa kuahidi kwamba wanamjua mfugaji, toa kitu kidogo utaoneshwa. Ahadi zilikuwa nyingi. Chui hakuonekana hata mmoja.

Ile video ya 2018 ya televisheni ya Marekani, iliyodaiwa kumuonesha chui wa Unguja, naijua pia. Sekunde chache, usiku, mnyama anapita. Nimeitazama mara arobaini. Siku nyengine namuona yeye, siku nyengine sioni kitu.

Mbeba Boksi:
Nipo Uingereza, kusini magharibi kule Cornwall, nalea wazee. Nacheka peke yangu kwenye basi nikisoma huu uzi.

Majira ya baridi, saa kumi na moja alfajiri, naenda shifti. Kituo cha basi kiko pembezoni mwa shamba la kondoo. Naona kitu cheusi kinafuata ukuta wa mawe. Si mbwa, mbwa hatembei hivyo, mbwa anatembea kama ana shughuli. Nikaingia kazini natetemeka, namwambia bibi mmoja ninayemhudumia, mzungu wa miaka themanini na kitu. Akaniambia bila hata kugeuka, "Ah, umemuona." Kumbe wana wao! Wanamwita mnyama wa Bodmin.

Mwaka 1995 wizara yao ya kilimo ilifanya uchunguzi rasmi, ikasema haikupata ushahidi. Hazijapita siku nyingi, mtoto mmoja akaokota fuvu mtoni Fowey. Nchi ikachemka. Likapelekwa makumbusho ya London: ndiyo, ni fuvu la chui kweli. Ila ndani yake kulikuwa na mayai ya mende wa nchi za joto. Maana yake fuvu lilitoka ng'ambo, kwenye zulia la ngozi ya chui. Huenda mtu alilitupa mtoni makusudi.

Sasa msikilize hili. Ukiwauliza chui anatokea wapi, wanakuambia zamani watu walikuwa wanafuga, 1976 ikaja sheria ya kuwataka leseni, wakawaachia usiku porini. Scotland 1980 mkulima alinasa puma jike kwenye mtego, akakutwa mnene, mpole, anapenda kukunwa. Wakampa jina Felicity. Kwa hiyo hata huku, ukimuona chui, mtu wa kwanza wanayemfikiria ni mwenyewe!

Mchunga wa Laikipia:
Habari zenu watu wa Pwani. Mimi niko Laikipia, tunachunga mbuzi na ng'ombe. Mwaka 2019 dunia nzima ilipiga kelele ati chui mweusi ameonekana kwetu, picha nzuri kabisa, na ati ni karibu miaka mia tangu adhibitishwe Afrika. Mimi nilikuwa nimemuona kabla, mara mbili, akinywa maji asubuhi. Jua likimpiga ubavuni madoa yanatokea kama nguo iliyolowa. Nilimwambia nani? Hakuna aliyeniuliza. Hapa kwetu chui ni chui, hana mwenyewe, ni wa serikali. Akikula mbuzi wako, hapo ndipo unajua serikali iko mbali.

Kijana wa Nyangao:
Kwetu Lindi wazee wanamtaja mngwa. Mkubwa kama punda, rangi ya majivu na mistari ya paka. Hichens, aliyekuwa hakimu wa kikoloni pale Lindi miaka ya 1920, aliandika habari zake: askari waliokuwa wakilinda soko usiku waliuawa, mkononi mwa marehemu zikakutwa nywele za kijivu. Mimi mwenyewe sijamuona, nakiri navunja sharti. Nimeona tu babu yangu, mtu aliyepigana na nyoka kwa mikono, akikataa kwenda chooni nje usiku fulani kwa sababu jibwa letu lilikuwa limeingia chini ya kitanda na halitoki.

Bi Mkasi:
Hiyo ya paka wa kufugwa mbona kongwe. Bibi alitusimulia Nunda mla watu. Paka wa sultani, alianza na kuku, watu wakilalamika sultani anasema paka ni wangu na kuku ni wangu, mwacheni. Akapanda kwa mbuzi, kwa ng'ombe, mpaka akafika kwa watoto wa sultani mwenyewe. Tulikuwa tukilala tumeshikana.

Mjukuu:
Nimejiunga leo kwa ajili ya mada hii. Msinilaumu nikiandika ovyo.

Babu yangu mzaa mama ndiye aliyekuwa "mwenyewe". Kijiji sikitaji. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya maweni, akiishi peke yake, na mbuzi wake kumi na moja wakilala nje. Mwaka 1991 mbuzi wa watu waliliwa mfululizo, wa kwake hata mmoja. Watu wakaanza kuhesabu. Ndipo mtu akakumbuka kuwa kila Ijumaa babu ananunua kilo nzima ya nyama. Mzee mmoja, meno matatu, kilo inakwenda wapi?

Ilikuwa inakuja kwetu. Mama alikuwa ameachika, kaolewa kijiji cha pili na mtu aliyekuwa hataki kusikia habari za ukweni. Mie, miaka tisa, ndiye niliyekuwa nikiichukua. Babu anaifunga kwenye jani la mgomba, anaitia chini ya kapu, juu anaweka maembe au muhogo. Napita njia ya msituni nisionekane, magharibi, kapu kichwani. Damu ilikuwa ikinichuruzika shingoni. Na watu walikuwa wakiona: kila Ijumaa nyama inaingia nyumba ile, na usiku unapoingia kitu kidogo kinatoka nyuma na kuzama maweni.

Vijana walikwenda kumtaka amtoe chui wake. Babu aliwapikia kahawa. Angewaambia tu, nyama nampelekea mwanangu, yangekwisha. Hakusema, maana yangemfika baba wa kambo. Mwisho hakuna aliyekuwa akimsalimia, hata msikitini safu ilikuwa ikiacha nafasi.

Alipofariki, 1996, nililala nyumba ile siku tatu za matanga. Watoto walikuwa wakija kuchungulia dirishani. Asubuhi ya tatu kijiji kizima kilisema kilimsikia akilia nyuma ya nyumba usiku kucha. Mie nilikuwa macho. Sikusikia kitu.

Mbuzi kwa nini hawakuliwa, hilo nalo silijui mpaka leo.

Msasi Mstaafu:
Mwanangu, alikuwa na mbwa?

Mjukuu:
Hapana mzee. Hakuna anayefuga mbwa kwetu ila wasasi.

Leta Picha:
Poleni. Nafuta lile neno la ngawa.

Mtoto wa Muyuni:
Mjukuu, Mungu amrehemu mzee. Nimesoma mara mbili.

Jana usiku nimempigia mjomba, bado yupo hai, keshatimiza miaka sabini na tisa. Nikamwambia nakusanya habari za watu waliomuona chui, tena nataka anikumbushe vizuri yule wangu wa 2009, aliingia upande gani hasa. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama kuna mtu chumbani:

"We mtoto, mbona unauliza sana? Au umerithishwa?"