Kusoma historia ya Marekani na vyombo vyake vya habari: jibu kwa mdogo wetu anayeanza chuo mwezi wa Agosti

Ndugu zangu,

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu.

Mdogo wetu anayekuja kuanza chuo hapa Ohio ameuliza kama inafaa, katika yale masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi hulazimika kuyachukua nje ya fani yake, achague historia ya Marekani na somo la vyombo vya habari, au atafute masomo mepesi ili nguvu zake zibaki kwenye uhasibu. Mimi nimeyasoma yote mawili katika mihula iliyofuatana, na sasa ninamaliza mwaka wa tatu. Nilipouliza swali hilohilo wakati nilipofika, nilijibiwa kwamba "yanasomeka" na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa hiyo ninaomba radhi kwa urefu wa barua hii, maana ningependa yeye apate zaidi ya nilichopata mimi.

Insha yangu ya kwanza ilihusu vita vya mwaka 1898 kati ya Marekani na Hispania. Niliiandaa kama nilivyozoezwa tangu kidato cha kwanza: nikasoma sura nzima ya kitabu, nikazihifadhi sababu za vita kichwani, nikazipanga kwenye karatasi kwa utaratibu. Nilieleza kwamba manowari ya Marekani iitwayo Maine ililipuka katika bandari ya Havana, Cuba, iliyotawaliwa na Hispania wakati huo, usiku wa tarehe 15 Februari, kwamba magazeti ya William Randolph Hearst na Joseph Pulitzer, yaliyokuwa yakigombea wasomaji mjini New York, yaliinyoshea Hispania kidole kabla ushahidi haujapatikana, na kwamba vita vilianza mwezi wa Aprili. Hapakuwa na kosa la tarehe wala la jina, na bado nilipewa alama za chini kuliko zote nilizowahi kupata tangu nianze shule. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho mwalimu alikuwa ameandika kwamba hayo yote yamo kitabuni, na akauliza hoja yangu iko wapi.

Nilikwenda kumwona ofisini. Mdogo wangu, saa ambazo mwalimu huzitenga kwa ajili ya wanafunzi ni haki yako uliyoilipia, na kwenda kwake si kujipendekeza wala si dalili ya kushindwa. Aliniuliza swali moja: ikiwa magazeti ya New York ndiyo yaliyoleta vita, je, mbunge wa Iowa au wa Kansas, majimbo ya mbali na New York, aliyevipigia kura alikuwa akisoma gazeti gani? Sikuwa na jibu. Kumbe kuuza nakala nyingi ni jambo moja, na kuwasukuma watu watende ni jambo jingine linalodai ushahidi wake, na ndiyo sababu wanahistoria wengi wa leo hawakubali kwa urahisi kwamba Hearst na Pulitzer peke yao waliiingiza nchi vitani. Sentensi niliyoinakili kwa uangalifu kutoka kitabuni ilikuwa ni dai la mtu fulani, nami nilikuwa nimelibeba kama vile ni tarehe.

Mtu aliyenifundisha zaidi namna ya kusoma gazeti ni Ida B. Wells, nami nitamweleza kwa kirefu kuliko wengine kwa sababu nilifika nchi hii bila kuwahi kulisikia jina lake. Alizaliwa utumwani mwaka 1862 mjini Holly Springs, Mississippi, akawa mwalimu wa shule, kisha akawa mhariri na mmoja wa wamiliki wa gazeti la Weusi mjini Memphis lililojulikana kama Free Speech. Mwezi wa Machi 1892, wanaume watatu Weusi, Thomas Moss, Calvin McDowell na Will Stewart, waliohusika na duka la vyakula lililokuwa likichukua wateja wa duka la Mzungu jirani, walitolewa jela usiku na kundi la watu, wakauawa kwa risasi bila kufikishwa mbele ya hakimu. Moss alikuwa rafiki yake wa karibu. Wells aliwashauri Weusi wauhame mji usiotaka kuwalinda, na maelfu wakahama, wengi wao wakielekea Oklahoma. Mwezi wa Mei akaandika tahariri ya kukanusha kisingizio kilichozoeleka siku zile kwamba wanaouawa namna hiyo ni wabakaji. Akiwa safarini kaskazini, ofisi ya gazeti lake ilivamiwa na vifaa vya kuchapia vikaharibiwa, naye akaonywa kwamba akirudi Memphis atauawa.

Kilichonishangaza kuliko ujasiri wake ni namna alivyofanya kazi baada ya hapo. Mwaka 1895 alipochapisha kijitabu chake A Red Record, chenye hesabu ya watu waliouawa na makundi ya raia bila hukumu ya mahakama, hakutumia takwimu za magazeti ya Weusi. Alichukua zile zilizochapishwa na Chicago Tribune, gazeti la Wazungu, ili asipatikane mtu wa kudai kwamba ametia chumvi. Alikuwa amefukuzwa mjini kwake, amevunjiwa mtambo, amempoteza rafiki, na bado alikaa chini akajiuliza msomaji asiyempenda atakubali ushahidi wa nani. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara ninaiheshimu zaidi.

Nakala za Free Speech ni adimu mno. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu maneno yake ya mwaka 1892 tumeyapata kwa kuwa Wells mwenyewe na magazeti mengine waliyarudia. Ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu wetu, kila tulipoleta ukurasa wa gazeti la zamani, alituuliza kwanza ni gazeti gani la mji uleule ambalo hatukuliona, na kwa nini hatukuliona. Maktaba huhifadhi kilichosalia, na mara nyingi kilichosalia ni cha yule ambaye mtambo wake haukuvunjwa.

Katika somo la vyombo vya habari, kesi iliyonikalia kichwani ni ile ya New York Times na Sullivan. Mwezi wa Machi 1960 gazeti hilo lilichapisha tangazo la kulipiwa la watu waliomuunga mkono Martin Luther King, na tangazo lilikuwa na makosa kadhaa madogo. Kwa mfano, lilitaja wimbo ambao sio walioimba wanafunzi waliokusanyika mbele ya jengo la bunge la jimbo la Alabama. L. B. Sullivan, kiongozi mmoja wa mji wa Montgomery aliyesimamia polisi, alishtaki ingawa jina lake halikuwa limetajwa, na baraza la wazee wa mahakama ya Alabama likaamuru alipwe dola 500,000. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo kwa kauli moja, ikasema kwamba kiongozi wa umma hawezi kulipwa fidia kwa habari inayohusu kazi yake mpaka athibitishe kwamba mwandishi alijua ni uongo, au hakujali kabisa kama ni uongo au ni kweli.

Nilibishana na uamuzi huo kwa wiki nzima. Nimetoka katika nchi ambayo Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na nimelelewa kuamini kwamba anayekosea jambo dogo hawezi kuaminiwa katika kubwa. Iliniwia vigumu kukubali kwamba sheria imlinde aliyekosea. Nilibadilika niliposoma kwamba Sullivan hakuwa peke yake, na kwamba viongozi wengine wa Kusini walikuwa wamefungua kesi za namna hiyo dhidi ya vyombo vya habari vya Kaskazini, jambo ambalo lingeweza kuwafanya waandishi waogope kwenda Alabama kabisa. Ikumbukwe ni Alabama hiyohiyo ambako, tarehe 7 Machi 1965, waandamanaji wapatao 600 waliodai haki ya kupiga kura walipigwa na askari kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma, na televisheni ya ABC ikakatiza filamu ya jioni ili nchi nzima ione. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka huohuo.

Sasa niseme ya vitendo. Historia kwa kawaida imegawanywa katika kozi mbili, na mpaka wake mara nyingi ni mwaka 1877, wakati majeshi ya serikali kuu yalipoacha kuwalinda, huko Kusini, watu walioachwa huru kutoka utumwani. Kama utachukua moja tu, chukua ya pili, kwa sababu itakusaidia kwenye somo la vyombo vya habari. Usizichukue zote katika muhula mmoja, kwani usomaji ni mwingi na Kiingereza cha magazeti ya karne ya 19 kinachosha hata wenyeji. Ili kusoma ukurasa wa gazeti la zamani si lazima uende Washington wala ulipe: Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mamilioni ya kurasa kwenye mkusanyo wake wa mtandaoni uitwao Chronicling America, na unaweza kuanza kuzisoma leo ukiwa nyumbani Morogoro.

Lipo jambo jingine ambalo hakuna aliyenionya. Sehemu ya alama hutolewa kwa kuchangia darasani. Sisi tumefunzwa kwamba kijana mwenye adabu husikiliza, na hasemi mpaka aulizwe. Hapa kunyamaza kwako kutahesabiwa kuwa hukusoma. Wiki sita za mwanzo sikufungua mdomo, nami nilikuwa nimesoma kila ukurasa. Jiandikie swali moja kabla ya kila kipindi na uliulize ndani ya dakika kumi za mwanzo, kabla hofu haijakua.

Ndugu yenu, mwaka wa tatu, Ohio

Jibu kutoka Minneapolis

Mwanangu, marahaba. Nimeisoma barua yako yote, na nimemsomea mume wangu sehemu ya huyo mama wa Memphis.

Nina neno moja la tahadhari kwa mdogo wako, nalo ni la fedha. Mara nyingi mwanafunzi wa kigeni hulipa kila kozi kwa bei kubwa kuliko mwenyeji wa jimbo, kwa hiyo kabla hajajiandikisha amwandikie mshauri wake wa masomo na apate jibu la maandishi kwamba kozi hiyo itahesabiwa katika shahada ya uhasibu. Binti yangu alilipia kozi ambayo baadaye ilionekana haimsaidii kuhitimu, na hakuna aliyemrudishia hata senti.

Swali langu ni hili. Bibi yangu mzaa mama, aliyekulia Bagamoyo, alikuwa na neno la kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa: alikiita merikani. Je, ni kweli kilitoka huku tuliko, au ni jina tu? Kama unasoma magazeti ya zamani huenda umekutana nacho.

Jibu kutoka Ohio

Mama, shikamoo, na ninashukuru kwa tahadhari ya mshauri wa masomo, ambayo ningepaswa kuiandika mwenyewe.

Ni kweli kilitoka huku. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya New England, nazo ziliondoka na sandarusi ya kutengenezea vanishi, ngozi, karafuu na pembe za ndovu. Baadaye pembe nyingi ziliishia katika miji midogo ya Connecticut, zikageuzwa vipande vya kubonyezea vya piano. Pamba ya viwanda vile ilichumwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipoanza mwaka 1861 pamba ikaadimika, na kitambaa cha Uingereza na cha India kikachukua soko, lakini jina la merikani likabaki vinywani mwa watu hadi kwa bibi yako.

Barua yako imenibadilishia mada ya insha yangu ya mwisho, na mwalimu amekubali. Ninasoma safu ya habari za bandari katika magazeti ya Salem, ambayo kila meli ilipofika ilitaja jina lake, nahodha wake, siku za safari na shehena. Hayakutaja aliyechimba sandarusi wala aliyebeba pembe kichwani hadi pwani, na nguo iliyokwenda kwetu huhesabiwa kwa marobota tu. Kwa hiyo ninakuomba, kama unakumbuka, uniandikie bibi aliipima merikani kwa mikono, kwa doti au kwa jora, ilitumika kwa kazi gani nyumbani kwao, na aliitofautishaje na kaniki. Insha inatakiwa tarehe 2 Mei.