Taa ya DPF (chujio la masizi kwenye bomba la moshi) inawaka kila wiki kwenye kagari ka dizeli cc 1500, fundi anataka kulikata hilo chujio. Nikubali?

Shangazi_Tabata
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana hapa nilipo nimeshachanganyikiwa. Nina kagari kadogo ka dizeli cc 1500 otomatiki ya mwaka 2015, aina siitaji nisije nikaonekana naichafua, mnazijua tu, ni hizi bebi woka zimejaa mjini ikikupita unasikia sauti ya kidizeli unageuka unatafuta lori huioni. Niliinunua sababu ya ulaji wa mafuta na kwa hilo sijawahi kujuta.

Miezi ya mwanzo raha mustarehe. Sasa tangu mwezi wa tatu kuna taa ya njano imeanza, ina picha kama kiboksi chenye vidoti ndani halafu bomba limechomoza pembeni. Mwanzo ilikuwa inawaka inazima yenyewe, sasa hivi kila wiki, na juzi imeanza kupepesa halafu gari haina nguvu kabisa, napandisha fulaiova pale Tazara nakanyaga mpaka mwisho inapanda kama inaenda msibani, bajaji ikanipita. Bajaji wakuu!!

Fundi wangu wa mtaani kaipima na mashine akasema DPF imeziba, na kwamba hicho kidude ni cha nchi za watu huku hakina kazi, nimpe laki tano na nusu akate, aweke bomba tupu na kuizima kwenye kompyuta ya gari. Mpya kanitajia bei nikaomba maji ya kunywa.

Matumizi yangu: asubuhi namwacha mtoto shule Segerea, naenda dukani Buguruni, jioni narudi Tabata. Hapo ni foleni mwanzo mwisho. Jumapili kanisani basi. Kitu kingine sijui km kinahusika, usiku nikishaizima getini feni inaendelea kuvuma kwa nguvu dakika kadhaa, hadi jirani aliwahi kugonga geti kuniambia nimesahau gari linaunguruma.

Kobe_wa_Kimara
Uza chukua ya petroli. Pole sana dada.

NozeliMtaalam
Dada usikate kwanza, na wewe Kobe si kila taa ikiwaka mtu auze gari, tungebaki na miguu.

Hilo feni ndo jibu lako. Ngoja nieleze taratibu. DPF ni chujio, ndani iko kama sega la nyuki la udongo mgumu uliochomwa, vijitundu vyake vimezibwa kwa zamu, hiki kimezibwa mbele kile kimezibwa nyuma, so moshi ukiingia hauna pa kutokea ila upenye ukutani, masizi yanabaki. Yakijaa kiasi fulani kompyuta inaamua kuyachoma. Inanyunyiza dizeli ya ziada kwenye silinda wakati mlipuko umeshapita, ile dizeli inaenda kuungulia mbele kwenye katalisti, joto linafika nyuzi 600 hivi na masizi yanateketea. Zoezi zima linachukua kama dakika 15 au 20 ukiwa kwenye mwendo, na kwenye hivi vigari linakuja kila baada ya km 150 mpaka 250, ukikaa sana kwenye foleni linakuja mapema zaidi.

Sasa wewe km zako chache za asubuhi, injini haijapata hata moto vizuri umeshafika. Kompyuta inaanza kuchoma umefika Buguruni unazima. Jioni inaanza tena, umefika getini unazima, bomba bado linawaka huko chini ndo maana feni linavuma kulipoza. Kila siku unaikatiza katikati, ni sawa na kupika maharage kila ukiona yanachemka unazima jiko, halafu unalalamika hayaivi.

Ishara kwamba inachoma: ile kuzima injini yenyewe kwenye taa za barabarani inagoma, sailensi (raundi za gari ikiwa imesimama) inapanda kidogo, kwenye dashibodi ulaji wa mafuta wa papo hapo unapaa, na ukishuka kuna harufu kama pasi imesahaulika juu ya nguo. Ukiona hivyo USIZIME, zunguka mpaka iishe.

Nijibu mambo mawili. Stiki ya oili inasomaje? Na mara ya mwisho uliweka oili gani?

Shangazi_Tabata
Mkuu asante, kumbe ile harufu sio jirani anachoma taka.

Stiki nimechomoa asubuhi hii injini ikiwa ya baridi. Oili imepita F, alama ya kujaa. Juu kidogo ya F kuna alama ya X, imebaki kama unene wa njiti ya kiberiti kuifikia. Nimeisugua vidoleni ni nyepesi kama ya kukaangia na inanuka dizeli kabisa. Mume wangu anasema kama imeongezeka si ndo vizuri, tatizo ingepungua. Oili fundi alikuja na dumu kasema ni ya dizeli, nimeliangalia limeandikwa 15W-40 lina picha ya lori.

NozeliMtaalam
Mwambie shemeji kwa heshima zote oili haizai. Ile dizeli ya ziada usipoipa nafasi ya kuungua inachuruzika kwenye kuta za silinda inashuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, oili inakuwa uji mwepesi, haishiki tena chuma. Ikifika kwenye X hiyo haina mjadala, inamwagwa siku hiyo hiyo. Ikizidi zaidi injini inaweza kuanza kuvuta oili yake yenyewe kupitia bomba la kupumulia na kuiunguza kama mafuta, hapo inapiga raundi mpaka inalia na ukizima switchi haizimi. Niliiona mara moja kwa macho yangu, wote gereji tulikimbia akabaki mwenye gari anatuita.

Na hiyo oili ya lori haifai. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Majivu yanatokana na madini yaliyomo kwenye oili, kalsiamu, zinki na wenzake, yakikaa kwenye lile sega yamekaa. Tafuta 5W-30 yenye majivu machache, kopo liwe limeandikwa C3, au DL-1 ambayo ni alama ya Wajapani. Bei iko juu, najua.

Kwa hiyo: mwaga oili KWANZA, ndo uende safari. Usitoke barabara kuu na oili hiyo.

Mzee_wa_Tochi
Tatizo ni mafuta ya huku jamani msimpotoshe dada. Magari yametengenezwa kwa dizeli ya Japani yenye salfa ppm 10 (sehemu kumi kwa milioni), sisi Afrika Mashariki mwaka 2015 tuliwekewa kiwango cha ppm 50, bado hujaongeza wachakachuaji wanaotia mafuta ya taa. EWURA, wadhibiti wa nishati, walileta vinasaba (alama ya kuyatambua mafuta yaliyochakachuliwa) tangu 2010 lakini mjanja hakosi.

Mswahili_Leicester
Mzee wa Tochi nakuheshimu ila nipo Uingereza mwaka wa kumi na moja, dizeli ya huku ndo hiyo hiyo ppm 10 unayoisema na DPF zinaziba kama kawa. Nilikuwa na kidogo cha dizeli cc 1400, nampeleka mtoto shule, naenda kazini, narudi, baridi nyuzi 2 injini inafika haijapata joto. Taa njano. Kila Jumapili nikawa napanda barabara kuu ya M1 naenda junksheni tatu nageuza, narudi nyumbani, bila shughuli yoyote, mke akaanza kuuliza maswali maana mwanaume kutoka kila Jumapili saa mbili usiku peke yake unamwelezaje kwamba unaenda kuchoma masizi.

Kukata huku usithubutu. Tangu Februari 2014 kwenye MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka, mkaguzi akikuta DPF ilikuwepo kiwandani na sasa haipo gari imefeli palepale.

Bomba_Tupu
Mimi nilikata 2022 na sijawahi kuangalia nyuma. Gari inavuta, oili haipandi, taa hamna. Moshi mweusi kidogo nikikanyaga lakini kwani malori yanatoa moshi wa rangi gani? Bongo hamna MOT. Dada kata ulale usingizi, hawa wengine wanakupa homuweki ya kuzungukazunguka mjini kuchoma mafuta uliyonunua kwa hela yako.

NozeliMtaalam
Bomba sikatai gari lako linatembea. Ila dada kasema anambeba mtoto kila siku kwenye foleni. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 waliuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Malori yanatutosha. Halafu kuna mafundi wanakata kweli lakini kuizima kwenye kompyuta hawajui, wanakuachia gari inaendelea kujaribu kuchoma kitu ambacho hakipo, oili inapanda vilevile. Wateja wa hivyo nawapata kila mwezi, na kuwarudisha ni kazi maana lile sega limeshauzwa, lina madini ya bei ndani yake, ndo mana wengine wakikukatia hawakurudishii kipande. Dada ukimuuliza fundi wako kipande anakipeleka wapi uone atakavyoangalia pembeni.

Bomba_Tupu
Hapo kwenye kipande hata mimi sikurudishiwa. Sikujua kina hela.

Shangazi_Tabata
Nimerudi na mrejesho. Oili nimemwaga, nimeweka ya C3, dumu la lita nne bei yake mume wangu hajaambiwa.

Jumamosi nimetoka saa kumi na moja alfajiri kabla ya foleni, Mbezi, Kibaha, nikawa nimeweka gia za mkono kama mkuu alivyonielekeza inbox, naishikilia ya nne raundi 2200 mpaka 2500. Shida ni vibao vya 50, kila kijiji kibao, na tochi za trafiki zimejificha nyuma ya miembe, nikawa nashusha gia badala ya kuongeza mwendo ili raundi zisianguke. Kabla ya Mlandizi ule ulaji wa mafuta wa papo hapo ukapaa ghafla nikajua imeanza. Taa ikaacha kupepesa ikawaka moja kwa moja. Nimeitazama hiyo taa kuliko nilivyotazama barabara Mungu anisamehe. Imeenda imeenda, tumeshapita Mlandizi kama dakika kumi hivi, PAP ikazima, na gari nikaisikia kabisa imekuwa nyepesi kama mtu katua mzigo kichwani. Nimefika Chalinze nimenunua mananasi nikageuza. Kurudi nimeipita V8 moja, sawa ilikuwa imesimama lakini nimeipita.

Sasa wakuu huzuni. Leo Alhamisi, km 110 tu tangu siku ile, imewaka tena.

Kobe_wa_Kimara
Petroli dada.

NozeliMtaalam
Km 110 baada ya kuchoma vizuri namna hiyo hapana, hapo kuna kitu kinadanganya. Kompyuta haioni masizi kwa macho, inasoma sensa ya presha yenye mipira miwili, mmoja unatoka mbele ya DPF mwingine nyuma, tofauti ikiwa kubwa inasema imejaa. Nenda kwa mtu mwenye mashine inayoonyesha namba na sio misimbo tu. Weka switchi ON bila kuwasha injini. Hakuna moshi unaopita hapo kwa hiyo tofauti ya presha lazima isome sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma kitu kingine sensa imekufa au mipira ina matatizo. Kipimo cha bure kabisa na mafundi wengi hawakifanyi, wanarukia msumeno.

Na wakikushauri kuichoma kwa nguvu ukiwa umesimama, kwa mashine, iwe ya mwisho kabisa, sehemu ya zege au lami, sio juu ya majani makavu. Wala asiifungue mtu akaichokonoa na nondo, nishaletewa DPF imechokonolewa ndani imebaki changarawe.

Shangazi_Tabata
Switchi ON injini imezimwa inasoma 2.9!! Kijana aliyepima akaona aibu kwa niaba ya yule fundi mwingine. Mipira mizima, sensa ndo imechoka. Nimepata ya mtumba Ilala elfu 65, kabla sijalipa nimemlazimisha aichomeke na kuwasha switchi hapohapo kaunta, ikasoma 0. Yule wa msumeno ananipigia simu bado anauliza naleta lini gari.

NozeliMtaalam
Safi. Rudi baada ya km 500 utuambie. Stiki iangalie kila Jumamosi asubuhi, oili mwaga kila km 5000, usiende elfu kumi hata kopo liseme hivyo, kwa matumizi yako ya mjini elfu tano ndo mwisho.

Shangazi_Tabata
Km 640 sasa, imechoma mara tatu, nimeziona zote, taa haijawaka. Mbili zimeishia njiani. Ya tatu ilianza nikiwa nakata kona ya kwetu saa tatu usiku, mtoto amelala siti ya nyuma, nimekumbuka maharage nikapitiliza geti, nimeenda mpaka Kinyerezi nikarudi. Kupita mara ya pili mlinzi wa mtaa kanimulika na tochi akauliza mama vipi, kuna shida nyumbani? Nimemwambia nachoma masizi. Kaniangalia tu.